Kishindo na Pigo la Pili

Hadithi ipite?

Ipite, njia tumeifagia!

Ipite na nani?

Ipite na wakubwa wake na wadogo wake!

Na asiyetaka kuisikia?

Azibe masikio, atuchochee moto!

Haya, sogeeni. Wewe uliyekaa upande wa moshi usilalamike, mahali umechagua mwenyewe.

Hapo kale, kale ambayo babu wa babu yangu aliikuta imeshazeeka, palikuwa na mji uitwao Kwezinga. Mji ulikaa juu ya kilima, umezungushiwa boma la magogo, na chini yake ulipita mto. Ng'ambo ya mto waliishi watu wa Mwene Lugoda. Hao hawakulima, hawakufuga. Walivuna kwa kuvuka mto. Mwaka huu huchukua ng'ombe, mwaka ujao huchukua mtama, mwaka wa tatu huchukua watu.

Watu wa Kwezinga walikuwa na desturi yao. Aliyetengeneza kitu hutembea nyuma ya kazi yake siku ya kwanza. Mfinyanzi huwa wa kwanza kunywa maji ya mtungi wake. Mwezekaji hulala chini ya paa lake mvua ya kwanza. Kazi ikiharibika, imharibikie mwenyewe kwanza. Mnacheka? Ingekuwepo desturi hiyo leo, fundi aliyenijengea jiko langu angekuwa ameungua nyusi.

Sasa katika mji huo alikuwepo manju mmoja, jina lake Sempoli. Manju mnamjua, ndiye mtunzi wa nyimbo na mpigaji wa ngoma kuu. Sempoli akipiga, vikongwe husimama. Akiimba, wachumba hupatana. Akimtaja mtu kwa sifa, mtu huyo hutembea kifua mbele mwezi mzima. Hapakuwa na harusi bila Sempoli, hapakuwa na matanga bila Sempoli, hapakuwa na vita bila Sempoli. Naye alijua hivyo, na kujua huko kulimnenepesha.

Halafu akatokea Mhina, mhunzi.

Mhina alikuwa mtu wa maneno machache. Aliingia katika karakana yake na chuma, magogo ya mvule na mivukuto, akakaa humo miaka mitatu. Alipotoka, alitoka na jitu.

Jitu! Urefu wake nyumba tatu zilizopandana. Miguu yake ya chuma, kifua chake cha mvule, tumboni mwake tanuri la mkaa na pipa la maji, na mvuke ukitoka puani. Tumboni mliingia wanawake wawili, mmoja wa mkaa na mmoja wa maji. Begani palikuwa na kiti cha mpiga ngoma, maana jitu lile lilitembea kwa ngoma. Pigo moja, hatua moja mbele. Mapigo mawili ya haraka, hatua moja nyuma. Ngoma ikinyamaza, nalo linasimama. Siri hiyo walikuwa nayo Mhina na Sempoli peke yao, ili adui asije akaipata.

Na jitu lilikuwa na sauti, nzito lakini ya upole. Mhina akaliita Kishindo.

Mtasema Sempoli alifurahi, maana kiti cha begani alipewa yeye. Hakufurahi hata kidogo. Alipopita kisimani, alisikia wanawake wakisema, "Mhina ana mikono." Alipopita sokoni, alisikia wazee wakisema, "Mhina ana akili." Alipofika nyumbani, alimkuta mke wake mwenyewe, Nakijwa, anatwanga mtama huku akiimba:

*Mhina kapiga nyundo,*
*kilima kikasimama,*
*kilima kikatembea.*

"Wimbo huo umetungwa na nani?" akauliza Sempoli.

"Sijui, mume wangu. Umejitunga tu."

Wimbo uliojitunga! Katika mji wenye manju! Sempoli hakula siku ile. Kijiba cha roho kilimkaa hapa, kooni, na uji haukupita. Alimwonea wivu Mhina kwa mikono yake. Alimwonea wivu Kishindo kwa kimo chake. Alimwonea wivu hata mke wake kwa furaha aliyokuwa nayo bila yeye.

Mwaka wa watu ukafika. Mwene Lugoda akavuka mto na mikuki yake, asubuhi jua linawaka.

Lango likafunguliwa. Sempoli begani, wanawake wawili tumboni, na nyuma, kwenye visigino vya jitu, Mhina mwenyewe na pembe ya mafuta ya nyonyo mkononi, akilainisha kila kiungo kinapoinuka. Siku ya kwanza ya kazi yake, sharti atembee nyuma yake.

Di! Hatua. Di! Hatua. Di! Hatua. Adui wakaona kilima kinawajia na kinapumua. Wa mbele wakasimama. Wa katikati wakageuka. Wa nyuma walikuwa wameshafika mtoni.

Watu juu ya boma wakapiga kelele. "Mhina! Kishindo! Mhina! Kishindo! Mhina! Kishindo!"

Sempoli alisikiliza. Akangoja jina lake. Mara ya kwanza halikuja. Mara ya pili halikuja. Mara ya tatu halikuja. Mkono unaotembeza kilima ulikuwa wake, lakini begani kule juu alionekana mdogo kuliko kunguru, hakuna aliyemtazama.

Wivu ukamwambia, "Kirudishe nyuma hatua moja tu. Waone kinavyoyumba. Waone nani mwenye kukiendesha."

Naye akapiga: di-di!

Kishindo akarudi nyuma hatua moja.

Ngojeni. Najua mnachotaka kuuliza. Hapana, Sempoli hakukusudia kumponda mtu. Alimsahau Mhina aliyekuwa nyuma, kama mtu mwenye wivu anavyosahau kila kitu isipokuwa kile kinachomuuma. Kisigino kikashuka. Kiliponda maghala saba ya mtama yaliyokuwa kando ya lango, na kiliponda mguu wa kulia wa Mhina, kutoka goti kwenda chini.

Adui walikuwa wamekwisha kukimbia, lakini nani aliwakumbuka? Watu walimbeba Mhina kwenye machela, wakayatazama maghala, wakalia.

Kishindo akasimama palepale. Akasema kwa sauti yake ya upole, "Manju, nilisikia mapigo mawili."

Hapo, wasikilizaji wangu, mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Sempoli angesema, "Ni mimi." Neno dogo. Lakini akasema, "Nilipiga moja."

"Nilisikia mawili, manju."

"Moja nilipiga mimi. La pili lilitoka moyoni mwako."

Jitu likakitazama kisigino chake. Mvuke ukatoka puani pole pole. "Basi moyo wangu ni mbaya," likasema.

Lingebishaje? Tangu lizaliwe, mkono wa manju ndio uliolifundisha mbele ni wapi na nyuma ni wapi.

Sempoli akaona uongo wake umeshika, akaumwagilia maji. Kisimani akasema, "Dude lile lina kiu ya damu, nimeisikia nikiwa begani." Sokoni akasema, "Dude lile linatuchukia sisi wenyewe kuliko adui." Harusini akatoa wimbo mpya:

*Kishindo, Kishindo,*
*kisigino hakina macho,*
*Kishindo, kanyaga kwao!*

Wimbo ulikuwa mtamu, lazima tukubali. Watoto wakauimba wakiruka kamba. Waliolala njaa mwaka ule wakauimba kwa hasira. Kina mama wakatishia watoto wao, "Nyamaza, Kanyaga-Kwao asije akakusikia." Na Mhina, amelala kwenye kitanda cha kamba na mguu mmoja, akausikia ukipita nje ya dirisha lake, akageukia ukuta. "Nimeunda kitu kibaya," akasema. Hakushika nyundo tena.

Kishindo akafungwa minyororo nyuma ya boma. Tanuri likajaa majani makavu, kuku wakataga mapajani mwake. Wazee wakaamua kwamba mwezi ukiandama atavunjwavunjwa, agawanywe majembe. Naye kila watoto walipopita wakiimba, aliinamisha kichwa, kwa sababu aliuamini wimbo.

Na Sempoli? Jina lake lilirudi vinywani. Sempoli hivi, Sempoli vile. Akala, akashiba, akanenepa tena. Lakini kila alipolala na mke wake, Nakijwa aligeukia upande wa pili, asimwambie kwa nini.

Siku mbili kabla ya mwezi kuandama, mlinzi akashuka mbio kutoka mnarani. Mwene Lugoda alikuwa amesikia kwamba jitu limefungwa na kuku wanalitagia. Alikuwa anakuja na mikuki mara tatu ya ile ya kwanza, na kamba mabegani mwa watu wake. Kamba za kufungia watu.

Mji mzima ukakimbilia nyuma ya boma. Minyororo ikafunguliwa, kuku wakafukuzwa, wanawake wale wawili wakaingia tumboni na mkaa na maji. Moto ukashika. Mhina aliletwa kwa machela. Sempoli akapanda begani na ngoma yake, akapiga: di!

Kishindo hakutembea.

"Tembea!" wakapiga kelele wote. "Tuokoe!"

"Siwezi," akasema Kishindo. "Ndani yangu kuna ngoma mbaya. Manju akipiga moja, mimi nasikia mawili. Nikitoka hapa nitawakanyaga. Afadhali niwe majembe."

Mlinzi, amesharudi mnarani, akalia kutoka juu, "Wameshuka mlima wa ng'ambo!"

Sempoli alijua dawa ya jitu lile ni neno moja, na neno hilo alikuwa nalo yeye. Lakini akaona nyuso za watu chini, zote zimemwelekea, zote zinamtegemea, na ni muda gani alikuwa amezingoja nyuso hizo! Akamwinamia Kishindo sikioni.

"Kishindo, siku ile ngozi ya ngoma ilikuwa na unyevu. Ililia mara mbili yenyewe."

"Siku ile jua lilikuwa kali, manju," akasema Kishindo. "Ngozi ilikuwa kavu."

Mlinzi akalia, "Wamefika mtoni!"

Sempoli akainama tena. "Kishindo, mkono uliniteleza."

"Mkono wako haujateleza tangu nikujue, manju. Unaniambia hivyo kwa huruma tu. Usijisingizie kwa ajili yangu."

Mnasikia hayo? Jitu linamwonea huruma! Sempoli aliona afadhali lingemtukana.

Mlinzi akalia, "Wamevuka mto! Wanakuja langoni!"

Ndipo Nakijwa, mke wake, akatoka katikati ya watu. Alikuwa ameshika mchi, hajui ataufanyia nini. Akatazama juu begani.

"Baba Mbonea," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "nimeishi na mkono huo miaka ishirini. Umepiga ngoma ya harusi yangu, umepiga ngoma ya matanga ya mama yangu. Siku ile nilikuwa juu ya boma, kelele zote zile, na bado nilikusikia. Nimenyamaza nikidhani utasema mwenyewe. Mimi nimechoka kukugeuzia mgongo. Sema!"

"Aseme nini?" wakauliza watu.

Lango likagongwa kwa gogo. Du! Boma lote likatikisika.

Sempoli akasimama kwenye kiti chake. Akasema kwa ile sauti ya manju, inayofika mwisho wa mji, "Nilipiga mawili! Kwa mkono wangu, kwa kusudi. Mlikuwa mnamwita Mhina. Mlikuwa mnamwita Kishindo. Mimi hamkuniita hata mara moja. Niliona wivu. Nilitaka jitu liyumbe mcheke. Mguu wa Mhina nimeukata mimi. Njaa ile niliileta mimi. Wimbo ule ni uongo tangu neno la kwanza."

Gogo likagonga lango tena. Du!

"Kwa hiyo," akasema Kishindo taratibu, "moyoni mwangu hamna ngoma?"

"Hamna."

"Haijawahi kuwemo?"

"Haijawahi kuwemo, ndugu yangu."

Jitu likavuta pumzi, na majani makavu yaliyobaki yakaruka puani mwake kama mtu aliyepiga chafya. Likasimama wima. Vijukuu wa wale kuku, naambiwa, mpaka leo hawatagi mahali pa juu.

"Shuka," Mhina akamwambia Sempoli kutoka kwenye machela. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nipandisheni mimi."

Wakampandisha kwa kamba. Mtu wa mguu mmoja akakaa begani, akachukua mkwiro wa kupigia ngoma, akalitazama lango. Halafu akamtazama Sempoli aliyesimama chini, mikono mitupu.

"Kishindo nimemuunda mimi, na nilitembea nyuma yake," akasema. "Wimbo umeuunda wewe. Haujapata siku ya mtunzi kutembea nyuma yake. Chukua pembe ya mafuta. Kaa kwenye kisigino ulichokiimba."

Watu wakaguna, maana walielewa. Mahali pale ndipo Mhina alipopondewa mguu. Na siri ya mapigo Mhina alikuwa nayo. Sempoli naye alielewa kuliko wote. Akaichukua pembe, akainama kwenye kisigino.

Lango likafunguliwa.

Di! Kisigino kikainuka, Sempoli akapaka mafuta, akasubiri. Pigo la pili halikuja. Di! Kikainuka, akapaka, akasubiri. Halikuja. Di! Akapaka huku machozi yanamtoka, akasubiri. Halikuja. Mhina alikuwa na haki ya kulipiga, na mkono alikuwa nao, na hakulipiga.

Mwene Lugoda alipoona lango linafunguka alishangilia. Alipoona kilichotoka, alinyamaza. Kishindo hakuua mtu siku ile. Alilichukua gogo walilokuwa wanagongea lango, akalivunja kwa vidole kama muwa, akaendelea kutembea, di, di, di, mpaka akasimama katikati ya kivuko cha mto. Waliovuka wakatupa mikuki wakajisalimisha. Wasiovuka walikimbia na kamba zao mabegani. Tangu siku ile mto ule ulivukwa kwa salamu tu.

Wazee wakataka kumfukuza Sempoli mjini. Nakijwa hakumtetea, wala hakumsukuma. Mhina ndiye aliyesema, "Akiondoka, nani atapaka mafuta? Abaki nyuma."

Akabaki nyuma. Kishindo alipobeba mawe ya kujenga maghala mapya, Sempoli alikuwa kisiginoni. Alipovusha watoto wakati wa mafuriko, Sempoli alikuwa kisiginoni. Ngoma ilikuwa ya Mhina sasa, na nyimbo za mji zilitungwa na yule mwanamke wa mkaa.

Nao wimbo alioutunga, jamani, ulikuwa mbovu!

*Kishindo ni mzuri,*
*na Mhina pia mzuri,*
*sisi sote tunafurahi sana.*

Haukuwa na mizani, vina vilikuwa vya kuokoteza. Sempoli aliyetunga nyimbo za kuwainua vikongwe alilazimika kuusikia asubuhi, mchana na jioni. Watu waliupenda! Waliucheza! Usiku ule wa kwanza wivu ulimrudia, ukamkaa palepale kooni, na mimi siwezi kuwadanganya kwamba uliwahi kumtoka wote. Alijua neno gani la kubadilisha. Alijua pa kuongeza pigo. Hakuna aliyemuuliza.

Mpaka siku moja, wanarudi kutoka kubeba mawe, Kishindo akasimama. Akamwinamia mtu wa mafuta.

"Sempoli, wewe ndiye mjuzi. Niambie, wimbo wanaoniimbia ni mzuri?"

Sempoli akafungua kinywa, akakifunga. Akafungua mara ya pili, akafunga. Mara ya tatu akasema, "Si mzuri. Ni mbaya kuliko nyimbo zote nilizosikia maishani."

Kishindo akasikitika.

"Lakini ni wa kweli," akasema Sempoli. "Wangu ulikuwa mzuri."

Jitu likafikiri. Halafu likacheka, na hakuna mtu Kwezinga aliyekuwa amewahi kulisikia likicheka. Kina mama walitoka jikoni mbio. "Basi nibakishie huo mbaya," likasema. Sempoli akainama, akaendelea kupaka mafuta.

Fundisho lake mmelipata, au nitafune na kuwalisha? Mwenye wivu haanzi kwa kuchukua cha mwenzake. Huanza kwa kukisema vibaya, mpaka chenyewe kijichukie. Ukisikia kitu kinaitwa kibaya, usitazame kisigino tu. Tazama nani ameshika ngoma.

Hapo ndipo hadithi ilipoketi. Mkiona imenoga, gawaneni. Mkiona haina chumvi, niachieni nikalale nayo. Kama kuna aliyeona imemgusa, mimi sikumtaja jina. Na sasa naomba nafasi nile magimbi yangu yaliyo kwenye majivu, maana kuna mtu hapa, sisemi nani, amekuwa akiyatolea macho tangu nianze.